Kumtafuta Aliyechora Uwanja wa Gofu

(Hotuba ya mpima ardhi mstaafu mbele ya wapima vijana, wanafunzi wa historia, wachezaji wa gofu na makedi, Dar es Salaam)

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mwenyekiti, wapima wenzangu, vijana wa historia mlioteremka kutoka Mlimani, wachezaji wa gofu, na ninyi makedi, wabeba mikoba ya wachezaji, mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la uwanjani bado liko viatuni: itifaki imezingatiwa.

Nimepima ardhi ya nchi hii kwa miaka thelathini na minne. Nimestaafu kazi, lakini macho hayastaafu. Hadi leo nikipita mahali natafuta bikoni, zile alama za mpaka, ziko wapi. Mwaka juzi nilikuwa natembea kando ya uwanja wa Gymkhana, upande wa Barabara ya Barack Obama, ile ambayo sisi wazee bado tunaiita Ocean Road. Kijana mmoja kedi alikuwa amekaa kivulini akingoja zamu yake. Aliniamkia, akasikia kwamba nilikuwa mpima, akaniuliza: "Babu, hivi viwanja vya gofu vya zamani vilichorwa na nani?" Nikamjibu harakaharaka, "Wazungu." Akatikisa kichwa. "Wazungu wapo wengi, babu. Mzungu yupi?"

Swali lile limenizungusha miaka miwili, maktaba hadi maktaba, ofisi hadi ofisi, na asubuhi nyingine kwenye majani yenye umande. Leo nimekuja kueleza jinsi swali la namna hiyo linavyojibiwa, na kwa nini kedi yule alikuwa na haki ya kukataa jibu langu.

"Wazungu" ni jibu la uvivu, na jiji hili limelizoea mno. Jengo walau lina bahati yake. Halisimami bila mchoro, na mchoro haupiti bila muhuri, kwa hiyo karatasi hubaki mahali fulani. Soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, likafunguliwa 1975, na ukisimama chini ya yale mapaa kama miavuli ya zege unahisi kabisa kuna kichwa cha mtu mmoja kilichokaa kikafikiri. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora iliwekwa 1927, ni kazi ya James Alexander Stevenson. Na Stevenson huyu alikuwa na mazoea ya kutia saini "Myrander" kwenye kazi zake. Lishikeni hilo, maana hata kazi iliyotiwa saini inaweza kukutuma umtafute mtu ambaye hakuwahi kuandikwa kwenye daftari lolote la vizazi.

Uwanja wa gofu hauna saini kabisa. Ni majani, mchanga na miti. Majani hukatwa, mti huangushwa na upepo wa kusi, handaki la mchanga, lile shimo la kunasia mpira, hufukiwa kwa kuwa mpira wa mwenyekiti mpya hutumbukia humo kila Jumamosi na amelichoka. Kila kamati huingia na jembe lake. Baada ya miaka hamsini, alichokichora mtu wa kwanza kimelala chini ya kazi za watu wengine saba.

Na msidhani hii ni habari ya starehe za matajiri tu. Uwanja wa mashimo 18 hula ardhi ya hekta hamsini hivi, na wa kwetu huo uko katikati ya mji. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katika mji wa namna hiyo nafasi ya wazi haikuachwa wazi kwa bahati. Mnazi Mmoja, tunakopumzikia leo, iliachwa ili iwatenge Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa mjini; ulikuwa mpaka uliooteshwa majani. Kwa hiyo anayeuliza nani alichora uwanja, anauliza pia nani aliamua mtu gani apite wapi, na nani azunguke.

Hata neno lenyewe, Gymkhana, linasema. Khana ni nyumba kwa Kiajemi, ndiyo ile ile mnayoisikia kwenye jamatkhana. Waingereza waliokuwa India walilichukua neno gend-khana, nyumba ya mpira, wakaligeuza kwa ulimi wao likawa gymkhana, ndipo likavuka bahari likatufikia. Kabla hujafungua faili hata moja, jina limekwishakuonyesha njia. Mtafiti anayekimbilia London bila kupitia Bombay ameruka kituo.

Sasa tuingie kazini.

Swali la kwanza ni kama mchoraji yupo kweli. Kule St Andrews, Uskoti, ule uwanja mkongwe kuliko vyote mnaousikia haukuchorwa na mtu mmoja. Ulifanywa na upepo, kondoo, sungura na nyayo za wachezaji kwa karne kadhaa. Ulikuwa na mashimo 22. Mwaka 1764 wenyewe wakakaa, wakaunganisha manne ya mwanzo yakawa mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ikawa 18. Uamuzi wa kikao kimoja cha watu wa mji mdogo ndio unaowafanya ninyi makedi mtembee mashimo 18 chini ya jua la Dar es Salaam. Baadaye akaja Old Tom Morris, mtunza uwanja wa huko, akapanua hapa na kusawazisha pale, na watu wakaanza kumpachika kila kitu. Jina kubwa lina tabia ya kuvuta kazi za wengine, kama sumaku na misumari.

Kisa kilichonifundisha kuliko vyote ni cha klabu ya Merion, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Naomba nikae hapo kidogo.

Uwanja wa Mashariki wa Merion ulifunguliwa Septemba 1912. Kwa miongo mingi ilisimuliwa hivi: klabu ilimtuma mwanachama wake kijana, Hugh Wilson, mtu ambaye kuchora viwanja haikuwa kazi yake. Akaenda Uingereza na Uskoti mwaka 1910, akakaa miezi saba akivichunguza viwanja vya huko, akarudi na michoro kwapani, na kutokana na michoro hiyo Merion ikazaliwa. Wengine wakaongeza chumvi kwamba nusura apande Titanic.

Kisa kitamu, na kikarudiwa mpaka kikawa ukweli. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo mpima yeyote angelifanya akikuta mpaka una ubishi: wakaenda kutafuta bikoni. Zama zile mtu akivuka Atlantiki jina lake liliandikwa kwenye orodha ya abiria, pamoja na meli na tarehe. Wakazipekua orodha hizo. Ile safari ndefu ya 1910 haikuonekana. Kilichoonekana ni Wilson akirejea Marekani mwezi Mei 1912. Lakini ardhi ya Merion ilikwishalimwa na kupandwa majani mwaka 1911! Safari iliyosifiwa kuwa ndiyo mama wa uwanja ilifanyika mtoto akiwa amekwishazaliwa.

Na ile Titanic? Titanic ilizama Aprili 1912. Kwa hiyo ile punje ya chumvi ambayo mtu makini angeitupa, ndiyo iliyokuwa imebeba mwaka wa kweli siku zote, ikingoja mtu wa kuilinganisha na tarehe. Nilipolifahamu hilo nilifunga daftari nikakaa kimya. Nilijiuliza ni masimulizi mangapi ya wazee wetu nimewahi kuyapuuza kwa sababu yalikuwa na jambo moja lililonichekesha.

Basi aliyechora ni nani? Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwezi Machi 1911 kamati ya Wilson ilisafiri hadi Long Island kwa Charles Blair Macdonald, aliyekuwa amejenga uwanja wa National, ikapitia naye michoro. Macdonald na mkwewe, Whigham, nao walifika Merion kuitazama ardhi. Kamati ilipanga michoro kadhaa, Macdonald akauidhinisha mmoja. Hapo ubishi ukawaka upya: wapo wanaotaka sifa zimwendee Macdonald, na wapo wanaobaki na Wilson na wenzake. Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu ni ya kazini. Kuidhinisha si kuchora. Wakurugenzi wengi wametia sahihi kwenye ramani zangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuburuta mnyororo wa kupimia kwenye mbuga ya Rufiji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye kazi hii daftari lenye nguvu ni lile lililoandikwa siku ile ile, na mtu ambaye hakuwa na habari kwamba tutakuja kulisoma. Karani wa bandari aliyeandika jina la Wilson hakujali gofu. Ndiyo maana namwamini. Kitabu cha maadhimisho kilichoandikwa miaka sabini baadaye, chenye picha ya kombe kwenye jalada, nakisoma kwa heshima, lakini natembea nacho kama ninavyotembea na ramani isiyo na kipimo.

Hayo mengine niyapitie upesi. Augusta National, ule wa mashindano mnayoyaona kwenye televisheni kila Aprili, ni kazi ya daktari Alister MacKenzie na mchezaji Bobby Jones. MacKenzie alifariki Januari 1934, hakuyaona hata mashindano ya kwanza ya Machi mwaka huo. Baada ya hapo mashimo tisa ya mwanzo yakageuzwa kuwa ya mwisho, grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, zikaguswa na mchoraji Perry Maxwell, na shimo la 16 likafumuliwa na mchoraji mwingine, Robert Trent Jones, mwaka 1947. Anayesema "hii ni kazi ya MacKenzie" amesema nusu.

Donald Ross, fundi wa Dornoch, Uskoti, aliyehamia Marekani, anahesabiwa viwanja karibu 400. Vingi alivikanyaga mara moja au mbili tu, na vingine alivichora kutoka kwenye ramani za mwinuko bila kufika. Wasimamizi wake ndio waliokaa na matope. Michoro yake imehifadhiwa katika jumba la nyaraka la Tufts kule Pinehurst, na klabu inayojidai kuwa ya Ross inatakiwa ipeleke madai yake huko kwanza.

Harry Colt, mchoraji Mwingereza, naye alikuwa na kampuni pamoja na Hugh Alison, na kwa kipindi fulani MacKenzie alikuwamo. Kwa hiyo ukikuta barua yenye jina la Colt juu, usiseme Colt alikuja. Aliyekwenda Japani ni Alison, na kule aliacha mahandaki ya mchanga yenye kina cha kutisha. Wajapani wanaocheza gofu hadi leo huyaita mahandaki hayo "arison". Hawakulitoa neno hilo kwenye jalada la serikali. Wamelibeba mdomoni, kizazi hadi kizazi.

Hilo neno la Kijapani ndilo lililonirudisha nyumbani. Maana sisi ni mabingwa wa kutunza mambo kwa majina. Kariakoo ni Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza. Waswahili walililainisha, wakaliweka kwenye soko, kwenye daladala na kwenye timu za mtaani, na wapagazi wale ambao wengi hawana hata kaburi lenye jina bado wanatajwa mara elfu kila siku. Nikasema, kama ni hivyo, kwa nini natafuta kwenye mafaili peke yake? Wanaotembea uwanja wa gofu kila siku, kwa miguu, kuliko mwanachama yeyote, ni makedi.

Nikaenda kwenye uwanja mmoja wa zamani huko mikoani. Siutaji, kwa sababu wenye klabu wameniomba nisubiri wamalize kuweka kumbukumbu zao sawa. Pale nilikutanishwa na mzee aliyeanza kubeba mikoba akiwa hajaota ndevu. Jungu kuu halikosi ukoko. Alinieleza enzi ambapo grini hazikuwa za majani. Zilikuwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini ili usipeperuke, na kazi ya kedi ilikuwa kuburuta gunia kuusawazisha kabla bwana hajapiga. Alinionyesha kwa mikono miwili gunia lilivyoshikwa, pembe mbili, unarudi kinyumenyume ukizunguka shimo kama mtu anayefuta ubao mkubwa. Alisema harufu ya oili ile haikutoka kwenye kaptula hata ukifua kwa sabuni ya kipande.

Kisha akataja mashimo kwa majina. Sio kwa namba. Moja akaliita "Reli". Nikamuuliza, reli iko wapi? Akasema haijawahi kuwepo reli pale. Babu zake waliliita hivyo, naye akaliita hivyo.

Kesho yake nilirudi alfajiri na kijana mmoja wa kunishikia futi kamba. Nawaambieni wapima vijana, hakuna chombo kinachoishinda saa ile. Jua likiwa chini na umande uko juu ya majani, sehemu iliyowahi kuinuliwa hata kwa shibri moja hutoa kivuli, na majani yaliyoota juu ya mchanga wa zamani huwa na rangi nyingine. Mzee aliweka mkoba chini, akaelekeza kidole. Pakatokea mraba, hafifu kama alama ya kitanda kilichoondolewa kwenye sakafu ya udongo. Hapo ndipo walipokuwa wanasimama kupiga zamani. Tukatafuta na mingine, tukapata minne. Nikapima kutoka kila mraba hadi katikati ya duara la zamani la mchanga.

Zile namba za mita hazikuniambia kitu. Usiku nikazigawa kwa 20.12. Mnaojua mnajua: hiyo ni cheni moja ya kupimia, futi 66, yadi 22. Umbali wa mashimo yote manne uliangukia kwenye cheni kamili, ukizidi au kupungua kwa hatua moja. Mchezaji wa gofu huhesabu kwa yadi. Anayetupa mashimo yake kwa cheni kamili ni mtu aliyezoea mnyororo mkononi. Ni mpima, au mhandisi wa reli.

Basi nikaacha kuwatafuta wachezaji maarufu, nikatafuta malipo. Na hapa niseme jambo linalouma. Katika ofisi moja ya umma, nisiyoitaja, niliulizia ramani za upimaji za eneo lile. Karani alinipokea vizuri, akafuta meza ili nikae. Kile alichofutia vumbi kilikuwa kipande cha ramani ya kitambaa. Zile ramani za zamani zilichorwa juu ya kitani kilichopakwa wanga. Ukikifua wanga hutoka, na mistari huondoka nayo. Nilikiomba kile kipande, nikakinyoosha. Kona moja ilikuwa bado na mshale wa kaskazini na nusu ya mhuri. Yule karani hakuwa na kosa. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na hakuna aliyemwambia.

Daftari la malipo tulilipata kwingine, kwenye sanduku la klabu yenyewe, chini ya vikombe vilivyoota kutu. Mhandisi wa reli yumo, na jina lake nimelikabidhi kwa wenye klabu. Lakini mimi nilikawia kwenye kurasa zilizofuata. Safu ya kushoto majina, mengi yameandikwa kwa herufi za mtu ambaye hakuyajua matamshi yake. Safu ya kulia, badala ya sahihi, dole gumba. Dole gumba, dole gumba, dole gumba, wino wa zambarau, kurasa kumi na moja. Mengine yamepaka kwa sababu kidole kilikuwa na udongo. Hao ndio waliokata vichaka, wakang'oa visiki na kubeba mchanga kichwani kutoka mtoni. Nimewaomba wenye klabu wakitundika ubao, waanze na kurasa hizo kumi na moja, ndipo jina la mhandisi lifuate.

Kwa viwanja vya hapa Dar es Salaam mna utajiri ambao watu wa mikoani hawana, na hauko mbali. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Mtaa wa Vijibweni, na mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza yamo. Maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani ina sehemu ya East Africana, yaani maandiko yanayohusu Afrika Mashariki. Gazeti la Tanganyika Standard lilianza 1930, na magazeti ya aina hiyo hayakuacha kuandika nani kashinda kombe na nani kafungua shimo jipya. Mipango ya mji ipo: ule wa kampuni ya Sir Alexander Gibb wa 1949, wa 1968 na wa 1979. Ilazeni juu ya meza mmoja baada ya mwingine, fuateni kwa kidole mpaka wa eneo moja la wazi, muone umesogea wapi. Tafuteni na picha za anga. Kule Delaware, maktaba ya Hagley ina picha za anga za kampuni ya Dallin za miaka ya 1920 na 1930, na klabu kadhaa za Marekani zimerudisha mahandaki yao ya zamani kwa kuzitazama kwa lenzi tu.

Nimeomba nafasi ya watu wanane Jumatatu pale Vijibweni. Wapima wawili, wanafunzi wa historia watatu, makedi watatu. Kijana aliyeniuliza "Mzungu yupi?" amekaa pale mstari wa nyuma, na nafasi moja ni yake. Njooni saa mbili kamili na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi kukaribia majalada. Anayejua kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani aniambie kabla hatujatoka humu ndani, tunamhitaji sana. Asanteni kwa kunisikiliza.